Loliondo kabla ya kikombe

Ukitaja Loliondo mbele ya watu wa rika langu, wa kwanza atacheka na kukuuliza kama na wewe ulikunywa kikombe. Wa pili, hasa akiwa mwanasheria au mwanaharakati, atakuanzia habari za vigingi vya mpaka na Juni 2022. Wa tatu atasema hajui ni wapi hasa ila anajua ni mbali. Wote wako sawa. Leo lakini nataka kuzungumzia Loliondo nyingine, ya miaka ya 1960, niliyokutana nayo kwa bahati tu nikiwa nafuatilia habari ya kitu kingine kabisa. Imenirudisha nyumbani kwetu Tengeru na maswali ambayo kijana hajazoea kumuuliza baba yake.

Hata hivyo nitaanza na kikombe. Bila kikombe hamtanielewa.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la sita. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alikuwa anatoa dawa katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro. (Samunge siyo Loliondo mjini. Ni kwa Wabatemi, wale ambao wengi tunawaita Wasonjo. Sisi waandishi ndio tuliobandika jina la Loliondo na limeganda mpaka leo.) Babu, kama nchi nzima ilivyomwita, alisema Mungu alimwotesha mti unaoitwa mugariga. Mizizi inachemshwa, unakunywa kikombe kimoja, kimoja tu, kwa shilingi 500. Na alishikilia kwamba ukichimba mizizi ukaichemshe kwako haitakusaidia kitu. Lazima uipokee kutoka mkononi mwake.

Mliokuwa wakubwa mnakumbuka. Mawaziri walikwenda, mama ntilie walikwenda, watu walitoka Kenya na kwingineko. Mwezi Machi foleni ya magari ilifika zaidi ya kilomita 20, kwenye njia ya vumbi isiyo na choo wala maji. Vyombo vya habari viliripoti zaidi ya watu 50 kufia kwenye foleni kabla ya kumfikia Babu.

Baba mkubwa wangu alifia kwenye foleni ile.

Alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Baba yangu aliazima Noah ya rafiki yake, wakapita Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, wakafika foleni ilipoishia na kulala humo. Sindano za insulini zilibaki kwenye friji Tengeru, na hazikusahaulika. Baba ndiye aliyesema ziachwe, kwamba kwenda na dawa ni kumwambia Mungu tunakwenda kukujaribu. Hakuna mtu wa Samunge aliyewaambia hivyo, na baba mwenyewe hajawahi kumsingizia mtu. "Ni mimi," ndivyo anavyosema. Usiku wa nne baba mkubwa akafa, kwenye kiti cha nyuma.

Kwenye mazishi mama mkubwa alisimama mbele ya watu wote, na mimi nikiwepo na kaptula yangu ya shule, akasema hana neno na shemeji yake, amemsamehe, na asiwepo mtu wa ukoo wa kulirudia jambo hilo. Watu walilia. Mchungaji akasema amina. Nilidhani limekwisha.

Halikwisha. Kanisani kwetu ibada inaanza na kuungama dhambi, kisha mchungaji anatangaza ondoleo la dhambi. Baba anahudhuria kila Jumapili, mvua au jua. Nimepiga hesabu: tangu 2011 ametangaziwa msamaha mara zaidi ya 700. Lakini ikifika siku ya Chakula cha Bwana, watu wakisimama benchi kwa benchi kwenda mezani, yeye anapisha magoti ili wengine wapite, halafu anabaki ameketi. Tangu safari ile hajagusa kikombe cha divai. Ukimuuliza anakutajia 1 Wakorintho 11, ule mstari wa kula pasipo kustahili, na maongezi yameishia hapo.

Sasa turudi kwenye Loliondo ya zamani.

Mhariri wangu alinituma Wasso kuandika habari ya barabara (kile kipande cha lami kinachokwenda Sale, msomaji wangu, ukikifika baada ya vumbi la kutwa nzima utatamani kukibusu). Jioni moja mzee aliyewahi kuwa katekista aliniazima kitabu ambacho jalada lake limeshikwa na gundi ya viatu. Kinaitwa *Christianity Rediscovered*, kilitoka 1978, na mwandishi wake ni Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu. Nilikisoma kwa usiku mbili nyumba ya wageni, umeme ukija na kuondoka.

Donovan alifika misheni ya Loliondo katikati ya miaka ya 1960. Alikuta shule, alikuta hospitali, alikuta magari na urafiki mwingi na Wamasai. Ila Mei 1966 alimwandikia askofu wake barua ya kukiri jambo la aibu kwa mmisionari: baada ya miaka yote hiyo ya huduma, hakuna Mmasai mtu mzima hata mmoja wa misheni ile aliyekuwa Mkristo wa kweli kweli. Akaomba ruhusa ya kuachana na shule na hospitali, aende maboma akazungumze nao habari za Mungu, basi. Askofu akamruhusu. Akawa anazunguka, boma hili wiki hii, wiki ijayo anarudi, kwa takriban mwaka mzima, halafu anawauliza wazee mnaamini au hamuamini. Boma moja walimshukuru na kumwambia hapana. Aliondoka na hakurudi tena kufundisha pale, na aliandika wazi jinsi ilivyomuuma.

Kwingine walikubali, na huko ndiko alikopigwa darasa. Alipotaka kuwachambua, huyu amehudhuria abatizwe, yule ni mvivu asubiri, mzee mmoja aitwaye Ndangoya alimkatalia. Kwa nini unataka kututenganisha? Wavivu wamesaidiwa na wenye bidii, wagumu wa kuelewa wamesaidiwa na wepesi. Ama wote ama basi. Padri akabatiza wote.

Sehemu niliyoirudia mara tatu ni ya mate. Mjini ukimtemea mtu mate mtamalizana polisi. Kwa Wamasai mate ya mzee ni baraka, jambo ambalo yeyote aliyekaa nao anajua. Lakini Donovan aligundua kuna mate ya msamaha. Mtoto aliyemkosea baba yake, uhusiano ukakatika kabisa, anaweza kushauriwa na wazee akaombe mate hayo, na wazee hao hao watamwandaa baba ili moyo wake uwe tayari kuyatoa. Donovan anasisitiza kwamba kwao mate hayakuwa alama ya msamaha uliotokea mahali pengine moyoni. Mate ndiyo msamaha wenyewe. Yakikugusa umesamehewa, yasipokugusa bado.

Na zikigombana familia mbili, dawa ni chakula. Kila upande unapika chakula kinachoitwa endaa sinyati, chakula kitakatifu, wanakileta katikati ya boma, watu wote wakiwazunguka na kuwahimiza. Wanabadilishana, wa huku anakula cha kule. Hapo inaanza osotua mpya. Osotua kwa asili ni kitovu, ule utepe wa mama na mtoto, na Wamasai wanatumia neno hilo kwa undugu wa kupeana. Biblia ya Kimaasai imelichukua neno hilo hilo kuwa Agano. Agano Jipya kwa Kimaasai ni kitovu kipya. Nani alikwambia watafsiri wa Biblia ni watu wakavu?

Kisha majani. Wamasai wanahesabu majani kuwa kitu kitakatifu, kwa sababu ng'ombe wanaishi kwa majani na wao wanaishi kwa ng'ombe. Ukimwonyesha mtu mwenye hasira shada la majani unamwomba amani. Wakristo wale wapya waliingiza jambo hilo kwenye misa. Padri akifika bomani asubuhi, shada la majani lilianza kupita mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba, watoto, wanawake, wazee. Kama kuna mtu au kundi limekataa kuyapokea, siku hiyo hakuna ekaristi. Mkate upo, divai ipo, padri katoka mbali na Land Rover yake, lakini hakuna misa, kwa sababu mtu mmoja kakataa kunyoosha mkono.

Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kuvuta hewa.

Mimi nimekulia katika imani inayoamini kwamba kutokupokea msamaha ni shida ya mtu binafsi. Tunasema hajajisamehe, tunamwombea, tunamwachia muda. Nilikuwa namwona baba kama mtu mnyenyekevu kupita kiasi. Watu wa Loliondo wangemwona vingine. Wangesema yule mzee wa benchi la nyuma ameshika majani ya watu.

Sitaki kumpamba Donovan. Aliandika kama mtu aliyependa alichokiona, na mtu wa namna hiyo huona zaidi upande mzuri. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha 2005 *The Church of Women*, ameonyesha jinsi mapadri hawa walivyohangaika kuwapata wanaume wa Kimasai, lakini waliojaa kanisani wakawa wanawake. Na nilipokuwa Wasso watu walikuwa bado wanazungumza kwa sauti ya chini kuhusu Juni 2022, Serikali ilipoweka mipaka kwenye kilomita za mraba 1,500 za ardhi waliyokuwa wanalisha, askari polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya. Nilijiuliza pale nani ampelekee nani majani. Mzee wa katekista nilipomuuliza alinitazama tu, akaagiza chai nyingine.

Lakini niseme pia kwamba sisi wa KKKT hatukuhitaji kwenda Umasaini kujifunza hili, maana tunalo na tumelisahau. Martin Luther mwenyewe alikuwa baba yangu. Namaanisha, alikuwa mtu wa aina ya baba yangu. Akiwa mtawa huko Erfurt aliungama mpaka saa sita kwa mkupuo mmoja, anatoka, anakumbuka dhambi nyingine, anarudi. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alichoka akamwambia kwamba kama anataka msamaha alete dhambi yenye maana, aache kuleta vijidhambi. Luther alipokuja kuandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, ile ambayo sote tulikaririshwa kipaimara, aliandika kwamba kuungama kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kukiri dhambi. Ya pili ni kupokea ondoleo kutoka kinywani mwa mchungaji kama kwamba limetoka kwa Mungu mwenyewe. Kupokea ni nusu nzima ya kazi! Nilikariri maneno hayo nikiwa na miaka 14, mwalimu akanipa alama zote, na sikusikia kitu.

Na kwenye Katekisimo hiyo hiyo anasema mbele ya Mungu tunaungama hata tusiyoyajua, ila mbele ya mchungaji tunataja yale tunayoyajua na kuyasikia moyoni. Shikeni hilo, nitalirudia.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda na Kagera na kusambaa Afrika Mashariki yote na wimbo wake wa Kiganda, *Tukutendereza Yesu*. Kwao dhambi inatajwa kwa jina. Watu walirudisha majembe waliyoiba na fedha za mwajiri, wakasimama mbele ya wenzao wakasema nilifanya hivi siku fulani. Walikuwa na makali yao (bibi aliweza kukuuliza mezani, mbele ya wageni, kama umeokoka), lakini hawakujua neno "nimekosa kwa jumla."

Nikarudi Tengeru. Jumamosi moja baba alikuwa anapunguzia migomba majani, nikamsaidia kuyabeba. Nikamsimulia habari za Loliondo, za mate na za majani, kama ninavyowasimulia ninyi. Alisikiliza bila kusimamisha panga. Nilipofika kwenye majani yaliyokataliwa akauliza:

"Na aliyekataa, walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu, baba. Hawakula tu."

"Wote?"

"Wote."

Akaendelea kukata. Baada ya muda mrefu, nikidhani tumeshahamia mambo mengine, ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Ninaliandika kwa ruhusa yake.

Alfajiri ile baada ya baba mkubwa kufa, aligeuza gari. Akawa anarudi peke yake kinyume na foleni, magari yote yakielekea Samunge na yeye akitoka. Alimfunika kaka yake kwa blanketi kama mtu aliyelala. Watu walikuwa wanashuka kwenye magari yao kumsimamisha, nyuso zimejaa vumbi, wanamuuliza: "Mmeshakunywa?" Na yeye akawajibu, "Ndiyo, tumeshakunywa." Wakapiga makofi. Mama mmoja alishika dirisha akasema Mungu ni mwema. Mwingine, mwenye mtoto mgongoni, akamuuliza mgonjwa wako anaendeleaje, akasema amepumzika.

"Sikuwa na nguvu ya kusema," aliniambia. "Ningesema amekufa, labda wengine wangegeuza. Wangewahi hospitali. Nilihesabu magari yaliyoniuliza. Kumi na saba."

Nikamuuliza kama mama mkubwa anajua.

"Shemeji alinisamehe sindano. Haya hajawahi kuyasikia. Sasa nitakwendaje mezani kwa msamaha wa jambo lingine?"

Miaka yote nilidhani baba ameshindwa kupokea alichopewa. Kumbe hakupewa, maana hakusema. Ile nusu ya kwanza ya Katekisimo ilikuwa haijafanyika, na mimi mwandishi wa habari, mtu wa kuuliza maswali, nilimwona kwenye benchi lile kwa miaka yote hiyo nisimuulize hata moja.

Mchungaji Mwasapila mwenyewe alifariki Julai 2021. Siku hiyo baba alizima redio, nikadhani ni hasira. Juzi aliniambia alitaka kukaa kimya kwa heshima ya mzee, kwa sababu hakuwahi kufika mbele yake.

Wiki mbili baadaye nilimpeleka kwa mama mkubwa. Sikusema kitu njiani. Tulisalimiana, shikamoo, marahaba mwanangu, tukaulizana hali ya mahindi na ndama. Halafu baba akaomba radio ya jikoni ipunguzwe sauti, akasimulia yote, kuanzia blanketi mpaka gari la kumi na saba. Mama mkubwa alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso mpaka alipomaliza.

"Shemeji," alisema, "hilo la wale watu siyo langu. Siwezi kukusamehe kwa niaba ya mama mwenye mtoto mgongoni. Hilo mpelekee Mungu, na mchungaji yupo. Lakini kumfunika mume wangu na kusema amepumzika, hilo ni langu." Akanyamaza kidogo. "Na lile la kwanza nilikupa siku ya mazishi. Mpaka leo nimelishika mkononi. Nimechoka kulishika."

Baba hakujibu. Aliinama tu.

Mama mkubwa akaingia jikoni, akatoka na loshoro kwenye bakuli, bado ya moto. Sikumsimulia habari za endaa sinyati. Alikuwa amepika kwa sababu ni saa saba mchana na wageni wamekuja. Akamnyooshea baba kwanza, kabla yangu. Baba akakaa kidogo bila kunyoosha mkono, mpaka mvuke ukaanza kumpata mama mkubwa usoni.

Halafu akapokea, kwa mikono miwili, akala.